Nyasi za Kipande Chetu

Kusabaru, Aso
27 Agosti 1986

Mdogo wangu Kanetoshi,

Pokea salamu, wewe na wifi yangu Haruyo. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi hayataki kuambiwa. Naandika kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Juzi nilipiga kelele kwenye simu mpaka kuku wa jirani wakatawanyika, na wewe ukanijibu, "Ndiyo, na huku kunanyesha." Kiwanda cha chuma kimeyala masikio yako. Acha niyatumie macho yako, ambayo bado hayajaliwa.

Sikukuu ya wafu ilipita salama. Ilikuwa mara ya kwanza kumkaribisha marehemu mume wangu Morihei kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Nilimwekea tikiti maji na kikombe cha sake, ile pombe yake ya mchele, nikamwambia ale polepole, maana alikuwa na pupa. Mpaka leo asubuhi natoa mabakuli mawili, halafu moja nalirudisha kabatini. Ng'ombe mwekundu amezaa, jike, na ni mkorofi kama mama yake.

Sasa jambo lenyewe. Jana tulikaa kikao cha mkanda wa kuzuia moto. Mwezi ujao kila nyumba inafyeka kipande chake kuzunguka mlima. Nyasi zilizofyekwa zikikauka tunazichoma wakati nyasi zilizosimama pembeni bado mbichi, ili Machi tukiwasha mlima mzima ng'ombe wapate majani mapya, moto ukifika mkandani ukute ardhi tupu ufe hapohapo. Kipande chetu ni kilekile cha baba, kule korongoni, juu kidogo ya mierezi ya Mzee Inosuke. Na Machi, kama kawaida, kila nyumba itoe mtu mmoja wa kusimama na moto.

Mzee Inosuke, ambaye bado ndiye mwenyekiti, akasema mbele za watu, "Shizuno, nyumba yako mwaka huu ipumzike. Una msiba."

Nikamwuliza, "Na kipande changu atafyeka nani?"

"Mimi hapa."

Ana miaka sabini na tisa, Kanetoshi! Mtu anayekaa chini kuvaa viatu halafu anaita mkewe aje amnyanyue. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Mimi sikucheka. Nikasema nyumba yetu haijawahi kukosa mtu tangu enzi za baba, na haitakosa.

Sikusema mtu gani. Mundu wa baba nimeshaunoa.

Dada yako,
Shizuno


Amagasaki
19 Septemba 1986

Shikamoo dada,

Nisamehe kuchelewa. Mambo ya hapa nyumbani yalinibana kidogo, yamekwisha. Haruyo hajambo na anakusalimu sana. Jana alitia chumvi kwenye supu mara mbili, tukacheka.

Barua yako imeninyima usingizi. Dada, una miaka sabini na moja. Lile korongo nalijua. Nilikuwa nalifyeka na baba nikiwa na miguu ya mbuzi na bado nilikuwa nateleza. Usiende. Mwachie Mzee Inosuke apange vijana.

Najua utasema, "Vijana gani?" Basi, nisikilize. Mwezi wa tatu nitakuja mimi. Nitasimama kwa niaba ya nyumba yetu. Mafundisho ya baba sijayasahau: washa kutoka juu, moto ushuke taratibu ukila dhidi ya upepo, mgongoni kwako pawe peusi kila wakati, usivae nguo ya nailoni, na moto ukikufukuza usikimbie kupanda mlima, maana moto una miguu mirefu kuliko yako, ingia kwenye jeusi. Moto haurudi mahali ulipokwisha kula. Alikuwa anatuimbisha haya tukiwa tunakoga, unakumbuka?

Kwa hiyo usiguse huo mundu. Nitakuja.

Mdogo wako,
Kanetoshi


Kusabaru
2 Novemba 1986

Kanetoshi mpenzi,

Salamu kutoka kwenye baridi. Barua yako ilinikuta nimeshamaliza, kwa hiyo sina kosa la kutokusikia. Nimechuma kaki mtini, nikazimenya nikazianika chini ya upenu, zimejaa mpaka mwezi hauonekani. Nitakutumia. Mwambie Haruyo zile ngumu ni zako wewe.

Kipande kimefyekwa. Nilikwenda kila siku kidogo kidogo, na chakula changu, kama anayekwenda kutalii. Sehemu ya mteremko nilifyeka nimekaa. Ndiyo, cheka. Nilikaa kitako nikawa nashuka kwa makalio, nafyeka kushoto, nafyeka kulia, suruali ya Morihei imetoboka. Mzee Inosuke alinikuta pale chini akavua kofia. "Bi Shizuno," akasema, "baba yako angekuona angekuoza tena, kwa mahari kubwa zaidi." Nikamwambia aondoe kivuli chake kwenye nyasi zangu.

Baadaye mvua ikaja. Ilinyesha sana mwaka huu, mchana na usiku, nyumba zilizowahi ziliwahi. Mboga ya takana nimepanda nyuma ya banda, imeshika vizuri. Nikiitia chumvi nitakutumia na hiyo.

Yule ndama nimempa jina lako, kwa sababu ukimwita hasikii.

Shizuno


Amagasaki
5 Januari 1987

Shikamoo dada,

Heri ya mwaka mpya. Najua una msiba na salamu za mwaka mpya hazikustahili, lakini sitaki mwaka uanze bila sauti yangu kwako. Kaki zimefika. Haruyo alikula tatu akasema hajawahi kuonja kitu kama hicho. Ni kweli zilikuwa tamu.

Dada, nimeisoma barua yako mara nyingi. Umesema kipande kimefyekwa, halafu mvua, halafu takana. Katikati ya mvua na takana kuna kitu hakipo. Kufyeka ni nusu ya kazi. Je, ulichoma? Nyasi zikilala pale zimekatwa bila kuchomwa, huo si mkanda tena, ni daraja. Moto utavuka juu yake ukiwa umevaa ndara.

Najua huko kwetu hakuna anayemwuliza mwenzake kama kipande chake kiko tayari. Kuuliza ni kumwita mvivu, na kwenda kukagua ni kumtukana kabisa. Kwa hiyo nakuuliza mimi, nduguyo wa tumbo moja. Ulichoma?

Kama hukuwahi, usijaribu kuchoma sasa peke yako, nyasi zote zimekwisha kauka, utauwasha mlima. Mwambie Mzee Inosuke. Watu wachache na reki, nusu siku, nyasi zinaondolewa. Kuuliza si ujinga, na kuomba si umaskini.

Nijibu hilo tu, hata kwa kadi.

Kanetoshi


Kusabaru
11 Februari 1987

Kanetoshi,

U hali gani? Huku theluji ilishika mpaka juzi. Ndama Kanetoshi ameteleza kwenye barafu akaangukia mdomo, hakuumia, ila amekasirika na mimi kana kwamba ni mimi niliyegandisha maji. Kilele cha volkano nacho kimekuwa kikitoa moshi mwingi, nguo zikianikwa zinapata majivu.

Bi Sadae, mke wa Mzee Inosuke, aliniletea keki za mchele. Tulikaa jikoni tukasengenya. Anasema mumewe usiku anaota ndoto za upepo, anaamka anafungua dirisha na kutoa kidole nje.

Siku imepangwa, Jumapili ya tarehe kumi na tano Machi, kukiwa kukavu. Nyumba ni zile zile lakini watu si wale wale. Nyumba ya ukoo wa Kuroki imefungwa. Nyumba ya fundi seremala atakuja mkwe wao, mtu wa mjini, amenunua buti mpya nyekundu. Sisi wengine unatujua, tukikohoa pamoja ni kama banda la mbuzi.

Kuna waliosema tuache kuchoma. Mzee Inosuke akawajibu, "Mlima usipochomwa na sisi utachomwa na mtu atakayetupa kipande cha sigara, na huyo hatachagua siku isiyo na upepo." Ni kweli. Nyasi za mwaka mmoja zinazimika kwa ufagio wa mianzi, za miaka mitatu haziwezekani. Na ng'ombe watakula nini?

Umesema utakuja. Nimetoa godoro lako juani.

Shizuno


Amagasaki
4 Machi 1987

Dada yangu,

Siji.

Nimeandika neno hilo nikakaa nalo tangu asubuhi. Nimekudanganya tangu Septemba. Haruyo si mzima. Si mwili, mwili una nguvu kuliko wangu. Akili ndiyo inayoondoka. Kaki zako alizila akaniuliza nani ametuma, nikamwambia, baada ya muda mfupi akaniuliza tena. Mwezi wa kumi na mbili aliwasha jiko la gesi akaweka juu yake kapu la nguo. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo, na masikio yangu ndiyo haya, sikusikia kitu. Nilinusa. Pazia lilikuwa limeshashika. Tangu siku hiyo nafunga gesi kwa spana na spana naiweka mfukoni, nalala nayo. Ameanza kutafuta viberiti. Watoto wetu wako mbali na wana mambo yao. Siwezi kumwacha hata niende posta, kwa hiyo sijui hii barua itaondoka lini.

Sasa unajua kwa nini nilikuandama na maswali ya moto. Nakaa nao chumba kimoja.

Dada, hukunijibu. Kutokujibu kwako nimekuelewa. Nyasi zimelala pale. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeyaficha kama wewe, kwa hiyo sikuhubirii. Nakuomba. Nenda kwa Mzee Inosuke leo hii, mwambie kwa mdomo wako, "Kipande changu sikukichoma." Ni maneno machache. Atacheka, ataita watu wawili watatu, itakwisha. Na siku yenyewe ukae nyumbani. Nyumba yetu ikose mtu mwaka mmoja, baba atatusamehe.

Kanetoshi


Kusabaru
13 Machi 1987

Kanetoshi,

Barua yako ilifika Jumatatu ya tarehe tisa. Mhuri wa posta unasema uliituma Jumamosi. Tulichoma Jumapili.

Redio ilisema wiki inayokuja ni mvua tupu. Mzee Inosuke akapita nyumba kwa nyumba Jumamosi jioni, "Kesho, kesho, wiki moja mapema." Alipofika kwangu nilikuwa nachota maji. Nilifungua kinywa, Kanetoshi. Nakuapia nilifungua kinywa. Yeye akaniwahi, "Bi Shizuno, wewe kesho utakaa juu kabisa, na maji ya kunywa. Korongoni nitasimama mwenyewe, ni karibu na mierezi yangu, moyo wangu utatulia." Nikamwambia, "Sawa, Mzee." Nikajisemea basi Mungu amenisaidia, mtu mwenye macho yake yuko pale, ataona mwenyewe. Nikaendelea kuchota maji.

Asubuhi ilikuwa nzuri, moshi umesimama wima. Tukawasha kutoka juu kama inavyopaswa. Moto ukashuka kwa adabu, nyuma yake peusi panatanuka, hata yule mkwe wa buti nyekundu akaacha kutetemeka akaanza kupiga picha. Karibu na saa sita upepo ukageuka. Ukatoka bondeni ukausukuma moto ubavuni, ukauingiza korongoni. Kutoka juu niliona kila kitu. Ulifika kwenye mkanda, kila mahali ukafa, ila kwenye kipande chetu. Pale haukufa. Uliinama, ukaanza kutambaa juu ya nyasi nilizozifyeka mwenyewe, kuelekea mierezi.

Tukapiga kelele wote, "Ingia kwenye jeusi! Mzee, ingia kwenye jeusi!" Jeusi lilikuwa karibu naye, hatua chache. Alitutazama. Halafu akaingia mkandani na ule ufagio wake na mtungi wa maji mgongoni, akawa anapiga. Moshi ukamfunika.

Miti michache tu iliungua. Aliuzima karibu wote. Walipomtoa alikuwa anapumua, hakufika hospitali.

Sikukichoma kile kipande. Nyasi zilipopata kukauka baada ya mvua, zilizosimama pembeni nazo zilikuwa zimekwisha kauka, nikaogopa. Nikajaribu kuziondoa kwa reki, mgongo ukakataa. Nikasema nitamwambia mtu kesho. Kesho zikawa nyingi.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Kwenye mazishi walinipa mto wa kukalia, wakaniuliza kama nasikia baridi.

Shizuno


Amagasaki
30 Machi 1987

Dada,

Sijui niandike nini. Nimeanza karatasi nyingi na Haruyo ananiangalia ninavyozikunja, ananiuliza nani amekufa. Namwambia Mzee Inosuke wa Kusabaru. Analia, maana Mzee Inosuke anamkumbuka, alimbebea sanduku siku ya harusi yetu. Baada ya muda ananiuliza tena nani amekufa, na analia upya. Nimeacha kumwambia.

Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo nilivyokuwa mimi na maagizo yangu, fanya hivi, usifanye vile, nikiwa nimekaa kwenye kiti na spana mfukoni. Ningekuja Oktoba siku mbili na reki, ingetosha.

Njoo uishi huku. Chumba kipo. Sisemi hivyo kwa sababu ya Haruyo, ingawa ni uongo kusema sitafurahi kupata macho mengine mawili. Njoo.

Kanetoshi


Kusabaru
24 Mei 1987

Mdogo wangu,

Salamu sana, na mpe Haruyo mkono wangu, umshike kwa muda mrefu hata kama hajui ni wa nani. Mimi naishi. Ndama amekua, sasa anasikia jina lake. Nimemaliza kupanda mpunga wa chini, wa juu nimewaachia majirani.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza niseme mbele ya watu. Jana ndiyo kikao kilikaa. Ajenda ilikuwa moja, tuendelee kuchoma au tuache. Haikuchukua muda. Mkuu wa zimamoto alituma mtu kutueleza kwamba bila mtu wa kusoma upepo hatupewi ruhusa, na mtu huyo hatuna tena. Mikono ikanyooshwa. Tumeacha. Kila mtu alikuwa anaangalia chai yake.

Hapo nikasimama. Nikasema, "Nina neno kuhusu kipande cha korongoni." Nikashika meza.

Bi Sadae alikuwa kando yangu. Akanivuta shati. "Kaa chini, Shizuno," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ananipisha kwenye benchi. "Chai yako inapoa."

Nikamwambia, "Bi Sadae, lazima niseme."

"Hakuna asiyejua. Kaa."

Nikakaa. Kikao kikafungwa, watu wakavaa viatu, wakaniambia nijihadhari na umande. Tulirudi wawili, mimi na yeye. Njiani nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana siwezi kuyabeba peke yangu.

"Aliziona Novemba," akasema. "Alikwenda kuangalia mierezi yake. Akarudi akaniambia, 'Nyasi za Shizuno zimelala na mvua.' Nikamwambia, 'Nenda basi ukamwambie, mziondoe pamoja, nami nitakuja na reki.' Akanikaripia. 'Mwanamke amefiwa, amefyeka korongo zima kwa makalio, halafu mimi niende nimwambie kazi yake mbovu? Nitasimama pale mwenyewe, yatakwisha.' Kila siku nilikuwa namkumbusha. Kila siku ananiambia, 'Akitaka atasema mwenyewe. Tusimwaibishe.'"

Kisha akaniomba radhi yeye, Kanetoshi. Aliinama palepale njiani, akasema, "Mume wangu alikuletea usumbufu."

Tangu Novemba mpaka Machi yule mzee alipita mlangoni kwangu karibu kila asubuhi akienda kulisha ng'ombe. Mimi nikisubiri aniulize, yeye akisubiri nimwambie. Alikuwa ananiambia, "Baridi leo, Bi Shizuno," nami namjibu, "Kweli, Mzee, baridi," na anapita. Asubuhi zote zile! Hata moja tu ingetosha.

Siji huko, mdogo wangu. Sadae yuko peke yake sasa, na dirisha lake linatazamana na langu. Asubuhi tunapungiana mikono. Lakini weka spana mahali pazuri, na mtu akikuuliza Haruyo yukoje, mwambie ukweli, hata kama ni mwuza maziwa.

Mlima umeota. Nyasi zimeshafika magotini, zinapendeza sana upepo ukipita, na mwaka huu hakuna atakayefyeka mkanda. Kufika Machi ijayo zitakuwa kavu, zimesimama mpaka nyuma ya banda langu na la Sadae. Sote tunaziona, na hakuna anayeuliza.

Dada yako,
Shizuno